Kilindi Kitazamwacho kutoka Mazinde

Bahari ya washairi wa Kiswahili ni bahari ya juu. Ina kaskazi na kusi, ina bamvua na maji mafu, ina vyombo viendavyo salama na vyombo vivunjikavyo, ina pwani ambako mama mtu amesimama akitazama tanga linavyopotea. Chini ya maji hayo mna machache. Lulu hutajwa kila mara, lakini hutajwa ikiwa imekwisha kutolewa katika chaza na kutungwa uzini; mtu aliyeizamia aghalabu hapewi hata ubeti mmoja. Na ashukaye chini ya maji katika masimulizi kwa kawaida hakushuka kwa hiari yake. Ametoswa. Adili wa Shaaban Robert alitupwa baharini na ndugu zake wa damu, akaokolewa na hisani aliyokuwa amemtendea jini zamani. Wema wake waonekana, wivu wa nduguze waonekana, ila maji yenyewe hayaonekani. Ni mahali pa kupita tu baina ya dhuluma na malipo.

Tangu mwaka 1987 bahari hii hii imepigwa picha kutoka chini, tena chini mno, ndani ya mapango yasiyofikiwa na jua. Picha hizo zimezunguka dunia, zimechapishwa katika majarida yenye karatasi ya kung'aa, zimeonyeshwa katika televisheni, na hivi leo zimo katika simu ya mtoto wa shule. Wanasayansi wameziandikia mengi. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezipita kimya, kana kwamba picha ya samaki haina msimulizi, haina msikilizaji, wala haina anayenyamazishwa. Vyote vitatu vimo.

Samaki mwenyewe ni yule ambaye watu wa Visiwa vya Ngazija humwita gombesa na maandishi rasmi ya Tanzania humwita silikanti. Wataalamu walimjua kwa visukuku peke yake, na waliamini kuwa ametoweka yapata miaka milioni 66 iliyopita pamoja na madinosaria. Tarehe 22 Desemba 1938 mmoja alitolewa baharini na meli ya uvuvi karibu na mdomo wa mto Chalumna, Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya East London, akatambua kuwa huyo si samaki wa kila siku. Profesa J.L.B. Smith alimpa jina la kitaalamu, kisha akakaa miaka 14 akimtafuta wa pili. Alitawanya vipeperushi pwani ya Afrika Mashariki na visiwani, vyenye picha ya samaki na ahadi ya zawadi ya paundi 100. Maneno yake yaliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Lugha za wavuvi waliotarajiwa kumvua hazikuwamo. Hata hivyo, Desemba 1952 mvuvi Ahamadi Abdallah alivua gombesa huko Domoni, katika kisiwa cha Nzwani, na mwalimu aliyemwona samaki huyo akaikumbuka ile picha.

Jambo hili halifai kupitwa upesi. Picha ilivuka pale maneno yalipokataa kuvuka, na hiyo ni sifa yake isiyokanushika. Lakini ilivuka kwa upande mmoja. Wavuvi wa Nzwani na wa Ngazija walimjua gombesa siku zote: walikuwa na jina lake, walijua nyama yake ya mafuta haina faida mezani, na husimuliwa kuwa magamba yake makavu yalitumiwa kukwaruzia mpira wa baiskeli kabla ya kutiwa kiraka. Kilichokuwa kigeni kwao ni habari kwamba watu wa mbali wamemlilia miaka 14. Kipeperushi hakikumwambia mvuvi samaki huyu ni nani. Kilimwambia samaki huyu ana bei gani. Tangu siku hiyo mpaka leo picha za gombesa zimeendelea kubeba kasoro hiyo ya kuzaliwa nayo.

Mwaka 1987 Hans Fricke, Mjerumani, alishuka kando ya Ngazidja na nyambizi ndogo iitwayo Geo akampata gombesa akiwa hai nyumbani kwake. Haki ya picha hizo lazima itolewe kwanza, kabla ya lawama. Smith alikuwa amemwita samaki huyo Mzee wa Miguu Minne, ndilo jina la kitabu chake cha mwaka 1956, kwa kudhani kwamba hutambaa juu ya mwamba kwa mapezi yake manene yafananayo na viungo. Picha za Fricke zilionyesha samaki asiyetambaa hata kidogo. Huelea, akipiga mapezi kwa zamu, la kushoto mbele pamoja na la kulia nyuma, kisha kinyume chake, kwa mwendo wa farasi wa polepole. Mara nyingine husimama kichwa chini mkia juu, akatulia hivyo kama aliyesahau alichokuwa akikifanya. Mchana hukaa pangoni na wenzake, bila ugomvi, na usiku hutoka kutafuta chakula. Alama nyeupe zilizo juu ya mwili wake wa buluu hutofautiana baina ya samaki na samaki, hata watafiti wakaweza kumtambua kila mmoja kwa sura. Katika mambo haya picha imelisahihisha neno, na mwenye kulipenda neno hana budi kukiri.

Ila nyambizi ni nyumba. Aliyemo ndani yake hakulowa. Kwa hiyo habari iliyo nzito zaidi, na yenye kumgusa mhakiki zaidi, si ya Ngazidja bali ni ya ghuba ya Sodwana, upande wa kaskazini wa pwani ya mashariki ya Afrika Kusini. Tarehe 28 Oktoba 2000 wapiga mbizi watatu, Pieter Venter, Peter Timm na Etienne le Roux, walishuka mita 104 katika bonde la chini ya bahari wakakutana na gombesa bila kutazamia. Hawakuwa na kamera. Walirudi wakiwa kundi kubwa zaidi, marafiki waliojipa jina la msafara na kuchukua vyombo vya picha, na baada ya mbizi ya tarehe 26 Novemba iliyotoka patupu, siku ya pili yake wanne kati yao waliwaona gombesa watatu penye kingo za mapango, vichwa chini, wakionekana kama wanaokula. Waliwapiga picha na kuwarekodi katika mkanda.

Maji ya kina cha mita 100 humkandamiza mtu kwa nguvu mara 11 ya ile aliyoizoea juu ya nchi. Gesi anazovuta huyeyuka katika mwili wake, na zisipopewa muda wa kutoka polepole hufanya mapovu katika damu mfano wa chupa ya soda iliyofunguliwa kwa ghafla. Dakika chache za chini hulipwa kwa saa za kupanda. Siku ile mmoja wao, Christo Serfontein, alizimia akiwa majini, na mwenzake Dennis Harding, mwenye umri wa miaka 34, akapanda naye hadi juu bila ya kupata nafasi ya kusubiri. Harding alilalamika kuwa shingo yamuuma, akafariki katika mashua. Serfontein alirudishwa majini kutibiwa, akapona.

Mkanda walioutoa ukawa habari kubwa ya samaki. Mtazamaji humwona gombesa, huona mwamba, huona mwanga wa taa unavyotikisika. Mashua haimo. Lililo zito katika safari ile yote lilitokea juu ya maji, penye jua, baina ya watu waliojuana kwa majina, mahali ambapo kamera ya kilindini haina kazi. Si kosa la waliorekodi. Hakuna mwenye utu ambaye angemtaka mtu apige picha saa ile. Lakini tokea hapo yafaa kuuliza picha ya kilindi huonyesha nini hasa. Huonyesha samaki, na huonyesha pango. Kina hakionyeshi. Kina ni kipimo cha kile anachokilipa mtu ili afike na arudi, nacho hubaki nje ya fremu. Picha ya mita 108, iliyotiwa mwanga mzuri, na picha ya mita 8 zaweza kuwekwa ubavu kwa ubavu na mtazamaji asijue ipi iligharimu roho.

Laurent Ballesta, Mfaransa, ambaye alimpiga picha gombesa wa Sodwana mwaka 2010 na kurudi na msafara mkubwa mwaka 2013, ni fundi kuliko wote waliomtangulia. Samaki wake wana uzito, wana umri nyusoni. Katika baadhi ya picha zake bora kuna mpiga mbizi mwenye taa kando ya samaki, na hapo mtazamaji hupata kipimo: mtu na gombesa wanalingana kwa urefu, na wote wawili wanaonekana wageni. Huo ni uamuzi wa kisanaa wenye akili, kwa sababu unakubali kwamba nuru iliyomo imeletwa. Samaki huyu ana jicho lililoumbwa kwa ajili ya giza, lenye kukusanya chembe ya mwisho ya mwanga wa buluu. Ukimletea taa za kamera, umemwendea na kitu ambacho hakukusudiwa kukiona. Ballesta walau anamwonyesha mwenye taa. Wengi wengine wanaificha taa na kutuachia pango ling'aalo kwa nuru ambayo haikupata kuwamo humo tangu dunia iumbwe.

Msomaji wa Al-Inkishafi atatambua hapa kitu kilichopinduliwa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliziendea nyumba za Pate zilizokuwa na taa na vyombo vya fahari, akazionyesha zikiwa magofu ya giza, makao ya popo. Jina la utenzi wake lina maana ya kufunuliwa. Kwa mshairi yule, kufunua ni kuondoa taa ili moyo uone kilichobaki. Kwa mpiga picha wa kilindi, kufunua ni kuleta taa mahali pasipokuwa nayo. Haiwezekani kusema kwamba mmoja ana haki na mwingine hana. Yawezekana kusema kwamba Waswahili walikuwa na nadharia ya ufunuo karne mbili zilizopita, na kwamba hawajaitumia kuzisoma picha za bahari yao wenyewe.

Kuna na mpiga mbizi mmoja katika fasihi ya Kiswahili ambaye hakutoswa na mtu. Ni Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, katika tamthilia iliyotoka mwaka 1969. Anavutwa kuingia mtoni mbele ya macho ya watu, anazama, wanangoja, mtu anazamia kumtafuta asimpate, na siku ya pili anatoka akiwa mkavu. Hussein hakuishusha jukwaa chini ya maji. Aliliacha ukingoni, pamoja na mke, na majirani, na hofu yao. Alichokiona Kinjeketile huko chini hakijulikani ila kwa maneno yake mwenyewe, na maneno hayo ndiyo yaliyowaunganisha watu na ndiyo, baadaye, yaliyowaingiza katika vita vya 1905 hadi 1907 wakiamini kuwa risasi itageuka maji. Mwandishi alijua kwamba uzito wa mbizi unapimwa kwa wanaongoja. Hiyo ndiyo mashua ya Sodwana, iliyoandikwa miaka 31 kabla ya Sodwana.

Sasa pwani ya Tanga. Kuanzia mwaka 2003 gombesa walianza kunaswa Tanzania, na kwa miaka michache iliyofuata makumi yao walinaswa Tanga, hasa pande za Kigombe, katika majarife ya papa yaliyotegwa chini sana. Julai 2007 wavuvi wa Nungwi, Unguja, walimtoa mmoja, na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari wakaenda kumtambua. Mwaka 2009 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, yenye eneo la kilomita za mraba 552, kuanzia ghuba ya Tanga kwenda kusini kuelekea Pangani. Mwaka 2011 uchunguzi wa nasaba ulionyesha kwamba gombesa wa kaskazini ya Tanzania ni kundi lililojitenga tangu zama za mbali. Si wapotevu waliosukumwa na mkondo kutoka Ngazija, kama ilivyodhaniwa. Hawa ni wenyeji.

Picha zilizotoka huku kwa wingi ni za aina nyingine kabisa. Samaki amekufa. Buluu yake imegeuka kahawia, amelazwa juu ya mchanga au sakafuni, na nyuma yake wamesimama watu wa pwani, jua likiwapiga usoni. Mtu akizipanga picha zote za gombesa katika meza moja ataona mgawanyo ambao hakuna aliyeupanga kwa makusudi na ambao kwa hiyo unasema kweli: gombesa aliye hai yuko na mgeni aliyevaa barakoa ya kioo, gombesa aliyekufa yuko na mvuvi. Upande mmoja ugunduzi, upande mwingine ushahidi wa jinai. Hakuna maelezo yaliyoandikwa chini ya picha yanayoweza kuufuta mgawanyo huo kwa urahisi, kwa kuwa jicho husoma kwanza.

Na mvuvi hakupata kitu. Gombesa haliki, mafuta yake huendesha tumbo, na mnyama wa kilo 60 au 80 akijiviringa ndani ya jarife hulipasua. Jarife limeshushwa kilindini kwa sababu samaki wa karibu wamepungua, na wamepungua kwa sababu, pamoja na mengine, miamba ya Tanga ilipigwa baruti miaka mingi. Hayo yote ni mambo ya kina pia. Mtego ulio mita 100 chini ni mbizi ya mtu maskini: ameupeleka mkono wake pale ambapo mwili wake hauwezi kufika, gizani, bila taa, bila kujua atakachokishika. Kulingana na utafiti uliochapishwa mwaka 2021, gombesa huweza kuishi karibu na miaka 100 na mimba yake huchukua miaka kama 5. Mvuvi aliyemtoa usiku mmoja ametoa kitu kikubwa kuliko alivyokusudia, na hasara hiyo ni ya kweli. Lakini picha imemsimamisha kando ya samaki bila ya kuionyesha njaa iliyomsukuma, kama vile picha ya Sodwana ilivyomwonyesha samaki bila ya kuionyesha mashua.

Kutoka Tanga reli ya zamani hupanda kuelekea Mombo, ilikofika mwaka 1905, ikapita Mazinde chini ya kuta za Usambara na kuendelea hadi Moshi. Mazinde haina bahari. Ina mkonge, ina vumbi la bonde, ina mlima mrefu mgongoni na barabara kuu ipitayo mbele yake. Walakini hakuna mahali panapofaa zaidi kwa swali hili, kwa sababu Mazinde palikuwa, katika karne ya 19, mahali ambapo bahari ilifika ikiwa bidhaa. Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, hakupenda kukaa juu Vugha walipokaa wafalme. Alikaa chini, penye njia ya misafara iliyotoka Pangani, na baada ya kifo cha baba yake mwaka 1862 nguvu zilimwendea yeye mwenye bunduki na nguo na shanga. Watu wa Mazinde wengi hawakuiona bahari. Waliishika kwa mikono: chumvi, kaniki, baruti.

Na huko ndiko alikokaa Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu wa pwani aliyemtumikia Semboja, na ambaye baadaye aliandika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho misheni ya Magila ilikipiga chapa kwa sehemu na ambacho J.W.T. Allen alikitoa upya mwaka 1962. Kwa sadfa ya sauti, jina la ukoo wa wafalme wa mlimani ni jina la maji marefu. Wakilindi walijiita hivyo kwa nchi waliyotoka, si kwa bahari, lakini msomaji wa pwani hawezi kulisikia bila ya kuona bandari ya Mombasa.

Thamani ya kitabu hicho kwa mjadala huu iko katika namna kinavyomleta mtu aliyefichika mbele ya macho ya wengine. Mbegha, mwindaji kutoka nchi ya Nguu, aliyefukuzwa na jamaa zake kwa kuwa meno yake yaliota kwa mpango wenye mkosi, anaishi porini na mbwa wake. Washambaa hawamwoni yeye. Wanaona moshi wa moto wake. Wanaufuata, wanamkuta ana nyama, nao wana chakula cha shamba, na pande mbili zinabadilishana. Ndipo wanapojuana. Hakuna anayemmulika mwenzake. Kila upande umetoa ishara, umepokea kitu, umerudi nyumbani na shibe. Hata ufalme wake unaanza gizani: usiku amemuua simba, na asubuhi ndiyo watu wanatambua ni nani aliyelala kwao. Abdallah bin Hemedi anayasimulia haya kwa utulivu wa mtu aliyeyasikia mara nyingi kutoka kwa wenyewe. Hakuwa shahidi wa Mbegha, na hajidai. Alikuwa mgeni aliyekaa muda mrefu katika nyumba ya Mkilindi, akila chakula chake na kujua ugomvi wake, na kukaa huko ndiko kulikompa sauti. Kitabu kina upande, bila shaka; mtumishi wa Semboja hawezi kuandika kama mtumishi wa adui wa Semboja. Lakini upande wake unaonekana, kama mpiga mbizi wa Ballesta mwenye taa mkononi.

Mtazamaji wa picha za gombesa, awe Paris au Ng'ambo, amekaa Mazinde. Kilindi kimemfikia kikiwa bidhaa, kimefungwa vizuri, bila gharama ya usafirishaji kuandikwa juu yake. Hilo si aibu; Mazinde palitoka kitabu kimojawapo cha nathari bora kabisa katika lugha hii. Ila muungwana wa Mazinde alijua kuuliza mzigo umepita mikononi mwa nani.

Watu wa Tanga wana pango lao la nchi kavu, nalo ni Amboni, katika mwamba wa chokaa kaskazini ya mji. Ndimo alimojificha Osale Otango katika miaka ya 1950, akitafutwa na serikali ya kikoloni, na ndimo ilimozaliwa hadithi ya wazungu walioingia na mbwa wao wasitoke, isipokuwa mbwa, ambaye alionekana baadaye karibu na Kilimanjaro. Wapimaji walioingia mwaka 1994 walionyesha kuwa hakuna njia kama hiyo. Pango refu kuliko yote halifiki hata kilomita 1. Kipimo chao ni sahihi na hadithi haikufa, wala haikuwa na sababu ya kufa, maana haikuwa ikisema habari za urefu. Ilisema kwamba pwani na mlima vimeungana chini kwa chini. Mpiga picha angalitoka Amboni na picha ya kuta nzuri. Msimulizi ametoka na mbwa.

Limebaki suala la jina, nalo si dogo. Silikanti ni neno la Kigiriki lililovalishwa irabu za Kiswahili. Maana yake ya asili ni mwiba wenye uwazi ndani, na wataalamu walilitunga kwa kuangalia mifupa iliyogeuka jiwe. Gombesa ni neno la watu waliomvua, katika lugha iliyo ndugu wa damu wa Kiswahili, isomekayo na kutamkika Unguja na Tanga bila mwalimu. Ballesta, Mfaransa, aliipa misafara yake jina la Gombessa. Hifadhi ya Tanga inaitwa ya Silikanti. Mgeni amechukua neno la visiwani na wenyeji wamechukua neno la maabara. Yamkini waliochagua walitaka jina litakaloeleweka na wafadhili. Basi na liandikwe kwenye hati za wafadhili. Katika vitabu vya shule na katika mashairi, pasiwe na haya ya kusema gombesa.

Na wenye kuandaa maonyesho ya picha hizi, popote zitakapotundikwa katika pwani hii, wana kazi nyepesi ya kuanzia. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili kwanza. Chini ya picha ya Sodwana litajwe jina la Dennis Harding na isemwe kwamba alifia mashuani. Na chini ya picha ya mvuvi wa Kigombe aliyesimama nyuma ya samaki wake, kama mwenyewe ataridhia, liandikwe jina lake, kama lilivyoandikwa jina la Ahamadi Abdallah wa Domoni mwaka 1952.